Kutunza Mwaridi Wakati wa Kipupwe: Habari za Mama Mmoja wa Nakivale

Watu wengi hudhani kwamba mwaridi ni mti wa wenye nafasi: watu wenye ukuta, bomba la maji na mtumishi wa kumwagilia. Tena hata wale wanaoupanda aghalabu hudhani kwamba kazi yake kubwa ni wakati wa mvua, maua yanapochanua. Mambo yote mawili si kweli. Mwaridi huweza kukaa mlangoni pa nyumba ya udongo ukanyweshwa maji yaliyooshea mboga, na kazi yake kubwa hufanywa wakati usio na ua hata moja, yaani katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambayo watu wa pwani huiita kipupwe. Habari za mama mmoja anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, huko Uganda, zinatosha kuyathibitisha hayo.

Nakivale ipo katika Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya watu waliokimbia kutoka Rwanda, na leo ni miongoni mwa makazi makongwe kabisa ya wakimbizi katika Afrika. Wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, na sokoni wengi wao hukutanishwa na Kiswahili. Mkimbizi hapo hafungiwi ndani ya seng'enge. Hupewa kiwanja ajenge nyumba yake, na kipande cha shamba kadiri ardhi inavyotosha. Mji mkubwa ulio karibu ni Mbarara, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, na safari ya kwenda huko ni ya kilomita 60 hivi.

Mama huyo ni mshonaji wa nguo. Alitoka Rutshuru, katika Kivu ya Kaskazini, mwezi Julai 2012, mji huo ulipotwaliwa na waasi wa M23. Alivuka mpaka wa Bunagana pamoja na mumewe, watoto wawili, na kichwa cha cherehani kilichofungwa juu ya baiskeli. Mtoto wa tatu alizaliwa Nakivale. Kwa muda wa miaka saba mama huyo hakupanda kitu chochote kisichovunwa ndani ya miezi minne. Alipanda maharage, mahindi na mchicha. Alipoulizwa kwa nini hapandi hata mparachichi, alijibu kwamba mparachichi ni mti wa mtu aliyefika kwake.

Mwezi Juni 2019 alikwenda Mbarara kununua nyuzi na vitambaa. Alipokuwa akingoja gari la kumrudisha, aliona kando ya barabara kitalu cha miche, na katikati ya miche ya matunda palikuwa na safu mbili za miwaridi katika mifuko myeusi ya plastiki. Alisimama akaitazama kwa muda mrefu. Alipokuwa msichana huko Rutshuru alikuwa akifagia uwanja wa kanisa la misheni, na watawa waliokaa hapo walikuwa na miwaridi kando ya ngazi. Hakuwa ameiona tena kwa karibu tangu siku zile.

Kama wafanyavyo wanunuzi wengi, alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye mche wenye ua lililochanua. Mzee mwenye kitalu akamzuia.

"Nyabo, huo umemaliza nguvu zake kwa ua hilo, nalo litapukutika ndani ya gari kabla hujafika. Chukua huu usio na ua."

Kisha akamweleza mambo ambayo yafaa kila mnunuzi wa mwaridi ayajue. Kwanza, atazame matawi yanayotoka shinani: yawe matatu au zaidi, yenye unene wa kalamu ya risasi, ya kijani na yasiyo na madoa. Pili, ageuze majani atazame upande wa chini, kwa maana huko ndiko wanakojificha vidukari na utitiri mwekundu. Tatu, atazame kitako cha mfuko. Mizizi iliyotoboa mfuko na kujisokota nje ni dalili ya mche uliokaa kitaluni mno. Nne, atafute fundo lililo shinani karibu na udongo. Miwaridi mingi inayouzwa imebebeshwa, yaani jicho la aina yenye maua mazuri limepandikizwa juu ya shina la aina nyingine yenye mizizi yenye nguvu. Fundo hilo ndipo aina hizo mbili zilipoungana, na kila kinachochipua chini yake ni cha mti mwingine, wala hakitatoa ua lile alilolilipia mnunuzi.

Mzee aliongeza kwamba kiangazi ni wakati mzuri wa kununua, ijapokuwa si wakati wa kupanda. Wanunuzi huwa wachache, na mtu huweza kuchagua bila haraka. Mche hukaa kivulini ndani ya mfuko wake, ukinyweshwa kidogo kila baada ya siku mbili, mpaka mvua zinapokaribia. Mama akalipa fedha ambazo zingemtosha kununua kilo tatu za unga wa mahindi, akaupakata mche wake njia nzima.

Mumewe alipouona alinyamaza kwanza.

"Mama watoto," alisema hatimaye, "kitu hiki kinaliwa?"

"Hakiliwi, Baba watoto."

"Basi kitakunywa maji ya nani?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Maji hutekwa kwa madumu ya lita 20, na wakati wa kiangazi foleni ya bombani huanza kabla ya mapambazuko. Mama aliahidi kwamba mti wake hautapata hata kikombe kimoja cha maji safi. Utakunywa yale yaliyooshea mboga na mchele, lakini si yale yenye chumvi wala yenye sabuni nyingi, kwani hayo huchoma mizizi. Ahadi hiyo aliitimiza.

Mwishoni mwa Agosti alichimba shimo la dhiraa moja kwenda chini na dhiraa moja upana, mahali panapopata jua tangu asubuhi, akachanganya udongo na samadi iliyooza, akapanda huku fundo likiwa juu kidogo ya udongo. Mumewe aliendelea kuuita mti wa Wazungu. Jirani mmoja, mama wa Kiethiopia, ndiye aliyemrekebisha. Alisema kwamba katika milima ya kwao mwaridi mweupe humea wenyewe kwenye nyua za mashamba, nao huitwa kega, na watoto hula matunda yake mekundu. Alisema kweli. Wataalamu wa mimea wameupa mwaridi huo jina la Uhabeshi, nao ndio mwaridi wa asili wa Afrika iliyo kusini ya Sahara. Hali kadhalika watu wa Unguja na wa Oman hawajapata kuliona waridi kuwa jambo la kigeni. Katika milima ya Jabal al Akhdar mawaridi huchumwa kila mwaka mnamo Aprili na Mei yakapikwa kuwa marashi, na marashi hayo hunyunyizwa kwa mrashi arusini na matangani. Uganda yenyewe imekuwa ikipeleka mawaridi Ulaya tangu mwanzo wa miaka ya 1990, kutoka mashamba yaliyo karibu na Ziwa Viktoria. Baba watoto alisikiliza yote hayo, akasema kwamba angalau kega inaliwa.

Mwaka uliofuata mama alifanya kosa ambalo wengi hulifanya. Mwezi Agosti 2020 aliukata mwaridi wake mpaka ukabaki na urefu wa kiganja, kwa kuwa ndivyo alivyowaona watawa wa misheni wakifanya. Watawa wale walijifunza kazi hiyo Ulaya, na huko ina sababu. Baridi kali hulaza mti, majani hupukutika, na mwenye bustani huukata mwishoni mwa majira hayo, unapokaribia kuamka. Lakini Nakivale ipo karibu sana na ikweta. Usiku wa kipupwe joto huweza kushuka chini ya digrii 15 za Sentigredi, na watu huvaa sweta mpaka jua litoke vizuri, ila mchana jua ni lile lile. Mwaridi haulali, hupunguza mwendo tu. Ukikatwa wote unakosa majani ya kuutengenezea chakula, na jua huunguza shina lililo tupu. Mti wa mama ulikaa bila kuchipua hata jirani wakamwambia aung'oe awashie moto. Uliponea mvua, lakini haukutoa ua mpaka Desemba.

Tangu hapo alijiwekea utaratibu, na utaratibu huo unafaa kwa yeyote anayeishi katika nchi za juu zenye kiangazi cha katikati ya mwaka, iwe Ankole, Kagera au Kivu.

Mwezi Juni, mvua zinapokwisha, huacha kuulisha mti kwa mbolea yenye nguvu. Mbolea ya wakati huo huleta machipukizi laini, na machipukizi laini ndiyo yanayoshambuliwa na utitiri wakati wa vumbi, na na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaopenda usiku wa baridi unaofuatwa na mchana mkavu. Badala yake huweka matandazo ya nyasi kavu na majani ya mgomba, unene wa vidole vinne, akiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili lisioze. Humwagilia mara mbili kwa juma, maji mengi kwa wakati mmoja yashuke mpaka mizizini, kwa maana maji kidogo ya kila siku huita mizizi ije juu ikaungue.

Mwezi Julai hukagua. Asubuhi na mapema hunyunyiza maji kwenye upande wa chini wa majani ili kuwaondoa utitiri, na vidukari huwafuta kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni kidogo. Majani yenye madoa meusi huyaokota na kuyachoma. Mawaridi yaliyonyauka huyakata, lakini hakati matawi. Majivu yaliyopoa huyanyunyiza konzi moja kwa kila mti, mara moja tu, kwa kuwa majivu yakizidi huharibu udongo. Mifupa aliyoichoma na kuitwanga huifukia kidogo kidogo kandokando.

Kupogoa hufanyika kati ya majuma mawili ya kwanza ya Agosti, ili machipukizi mapya yakutane na mvua za mwisho wa mwezi na za Septemba. Majuma mawili kabla ya hapo hupunguza maji. Kisu hunolewa mpaka kikate karatasi, kisha hupitishwa motoni kila anapohama kutoka mti mmoja kwenda mwingine, kisibebe ugonjwa. Huondoa kwanza matawi yaliyokufa, halafu yenye ugonjwa, halafu yale yanayosuguana katikati. Hubakiza matawi manne au matano yenye nguvu, na kila moja hulipunguza theluthi moja, au nusu likiwa refu sana, akiacha majani kadhaa. Hukata kwa mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili tawi jipya liende nje na katikati ya mti pabaki wazi kwa hewa. Chipukizi lililotoka chini ya fundo halikatwi kwa kisu. Udongo hufukuliwa mpaka lilipoanzia, nalo huvutwa likang'oka lote, kwani likikatwa huota mawili.

Baada ya kupogoa mti hupewa nusu debe ya samadi. Huko Ankole, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, samadi haikosekani, lakini sharti iwe imeoza miezi mitatu au zaidi, maana mbichi huchoma mizizi. Machipukizi yakifikia urefu wa kidole, aliye na mbolea ya chumvichumvi huweka kijiko kimoja cha mezani kwa duara mbali na shina, juu ya udongo uliolowa, kisha humwagilia tena. Majuma sita hadi manane baada ya kisu, maua huja.

Vipande vilivyokatwa navyo havitupwi vyote. Vile vyenye unene wa kalamu ya risasi hukatwa urefu wa shubiri moja, huondolewa majani ya chini, huchomekwa kwenye udongo wenye mchanga mpaka theluthi mbili zifukiwe, na kufunikwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Kwa njia hiyo mama alipata miti mingine miwili kutokana na ule wa kwanza, nayo, kwa kuwa ilisimama juu ya mizizi yake yenyewe, haikuwa na machipukizi ya kigeni.

Mwaka 2023 mgawo wa chakula ulipopunguzwa, Baba watoto alisema kwamba mahali pa miti mitatu pangetosha viazi vitamu. Hawakugombana kwa kelele, ila siku tatu walizungumza kwa kupitia watoto. Mwishowe mama alipanda viazi katika nafasi yote iliyokuwa kati ya miwaridi na ukuta, na mawaridi ya Oktoba akayauza kwa maarusi wawili. Fedha hizo hazikuwa nyingi. Zilinunua mafuta ya kupikia ya mwezi mmoja, na mume hakulisema tena jambo hilo.

Katika mwaka huo huo familia ilikuwa imeitwa kwa mahojiano ya kuhamishiwa Marekani. Mahojiano yalifuatwa na mengine, halafu vipimo vya hospitali. Ilipofika Agosti 2024 mama hakutia kisu kinoo. "Atakayebaki atapogoa," alisema. Desemba waliambiwa kwamba wataondoka juma la kwanza la Februari 2025. Cherehani ikauzwa. Mbuzi wawili wakagawiwa jamaa. Watoto wakaagana na wenzao shuleni, na mkubwa akaandika majina ya rafiki zake wote katika daftari.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na amri hiyo ikaanza kutumika tarehe 27. Siku hiyo hiyo ya tarehe 27 Januari waasi wa M23 waliingia Goma. Rutshuru walikuwa wamekwisha kuitwaa tena tangu Oktoba 2022. Kwa mtu wa Rutshuru aliyeketi Nakivale juu ya mabegi yaliyofungwa, njia ya mbele na njia ya nyuma zilizibwa kwa siku moja.

Mabegi yalikaa yamefungwa mpaka Aprili. Mama alikuwa akifungua moja, akitoa nguo ya mtoto, akilifunga tena. Mvua za masika zilipita bila yeye kupanda hata maharage, na mumewe akapanda peke yake. Miwaridi ikawa kichaka. Mti ule wa kwanza, ulionunuliwa Mbarara, ulizidiwa na machipukizi ya chini ya fundo, nayo yalinyooka juu ya paa bila ua, huku matawi ya asili yakikauka mmoja mmoja. Juni ilifika, na Julai. Hakuna aliyetandaza nyasi wala kuokota majani.

Jirani wa upande wa magharibi ni bibi kizee wa Kinyarwanda aliyeletwa Nakivale akiwa mtoto mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wenzake wengi waliporudi baada ya mwaka 1994 yeye alibaki, kwa kuwa watoto wake walikuwa wameoa huku, na makaburi yake yalikuwa huku. Asubuhi moja ya mwanzo wa Agosti 2025 alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya kichaka kile.

"Mwanangu, siku za kukata zimefika. Kisu kiko wapi?"

"Shikamoo, Bibi. Mwaka huu sikati."

"Kwa nini?"

"Nikikata leo, maua ni Oktoba. Sijui Oktoba nitakuwa wapi."

Bibi alitafuta kigoda akaketi. Alikaa kitambo kabla ya kusema.

"Tulipofika hapa mama yangu alikataa kupanda mgomba. Alisema mwezi ujao tunarudi, na mgomba unataka mwaka mzima. Miaka mitatu alisema hivyo. Mama wa jirani alipanda siku ya kwanza, akitukanwa kwamba amesahau kwao. Ndizi zilizotulisha miaka hiyo mitatu zilikuwa za mama yule." Akanyamaza, kisha akaongeza: "Naye ndiye aliyetangulia kurudi, mwanangu. Hakuna aliyemwuliza mgomba atamwachia nani."

Mama hakujibu. Bibi alipoondoka aliingia ndani, akatoa kisu, akaketi kukinoa juu ya jiwe. Kazi ilimchukua asubuhi nzima. Alifukua udongo wa mti ule wa kwanza, akavuta machipukizi ya kigeni moja baada ya jingine, mikono ikachanika kwa miiba. Chini yake alikuta matawi mawili tu ya asili yaliyo hai, moja likiwa na unene wa kidole cha mwisho. Alilikata kwa mshazari, juu ya jicho linalotazama nje, akalibakiza na majani matatu. Binti yake mdogo alitazama akasema kwamba Mama ameuua mti.

Jioni Baba watoto alirudi akiisukuma baiskeli yake. Nyuma yake alikuwa amefunga gunia la samadi kavu, aliloliomba katika boma la mfugaji mmoja aliye mwendo wa saa moja kutoka hapo. Hakuna aliyemtuma. Alilitua karibu na miti, akauliza kama nusu debe kwa kila mti ni sawa na zamani. Mama alisema ni sawa.

Usiku huo mabegi yalifunguliwa, nguo zikapangwa juu ya kamba.

Mvua zilianza mwishoni mwa mwezi. Mnamo Septemba yale macho yaliyotazama nje yalitoa ncha nyekundu kama kichwa cha kiberiti. Katika juma la pili la Oktoba ile miti miwili iliyotokana na vipande ilichanua, na mti wa kwanza, ambao wote walikuwa wamekata tamaa nao, ulitoa ua moja juu ya tawi lile jembamba. Mama alilikata akampelekea Bibi. Bibi akalitia katika kopo la maji dirishani, akasema halina budi kuwa na ndugu zake mwakani.

Hayo hayakurudisha safari yao wala cherehani iliyouzwa. Mama alishona kwa mkono kwa miezi kadhaa, kisha akapata kushona kwa zamu katika cherehani ya mama mwingine, wakigawana malipo. Kama njia ya kwenda mbele au ya kurudi nyuma itafunguka, ataondoka na watu wake, na miwaridi atamwachia atakayekuwapo. Mwenye bustani yeyote, hata yule mwenye hati ya kiwanja chake, hana ahadi kwamba ndiye atakayeyaona maua ya Oktoba. Lakini miti haimngojei ajue. Siku za kupogoa ni majuma mawili, na zikipita zimepita.

Mwezi Novemba mama alikwenda tena Mbarara kununua nyuzi. Mzee wa kitalu alikuwapo mahali pale pale.

"Nyabo! Niliambiwa umesafiri."

"Bado nipo, mzee."

Aliinama akageuza majani ya mche mmoja, akatazama kitako cha mfuko, akapapasa fundo kwa kidole gumba. Mche huo haukuwa na ua. Akalipa, akaupakata, akaenda kungoja gari.